Mkia wa Mdundo wa Sita

Ngolo Rekodi,
Nyuma ya soko, Mbinga.
14 Machi 1999

Dada Hildegardi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakohoa kikohozi chake cha kila masika, kahawa imebeba vizuri, na wanunuzi binafsi wameanza kupita kuziangalia punje mbichi kama wachumba.

Kanda imetoka. Imeandikwa BILA MANENO, na chini yake, kwa mkono wangu mwenyewe, Ngolo Rekodi. Midundo kumi na miwili ya hip hop na ya kompyuta, ya vijana watano. Mitatu ni ya Jastini wa Songea, anayeitengenezea kwenye kompyuta ya ofisi ya kuchapa barua wenye ofisi wakienda kula. Minne ni ya Praygod wa Dar es Salaam, huyo ana mashine ya ngoma ya kweli. Mmoja ni wangu, ule wa sita, nitakueleza. Hakuna anayeimba. Hakuna anayeghani. Ndiyo maana nikaiita hivyo.

Dada, tangu serikali iseme kila mtu afanye biashara yake, nimeona watu wakiuza hapa mitumba, maji ya kuchemsha, na hata nafasi kwenye foleni. Hakuna aliyeulizwa swali. Mimi nimeleta midundo, na wilaya nzima inaniuliza swali moja: mwimbaji yuko wapi? Padri ameniuliza. Mteja mmoja aliirudisha, anasema kanda yake imeingia muziki, sauti haikuingia, nimbadilishie. Nikambadilishia. Akarudi tena. Mke wangu Celestina ananiambia niandike juu ya gamba la kanda, "Mwimbaji hayupo na hatakuja." Nafikiria.

Sasa mdundo wa sita. Unakumbuka kanda uliyonitumia Krismasi, ya baba mkwe wako akipuliza kibuyu cha mganda, ile ngoma ya wanaume wa huko ziwani? Nimechukua kipande kidogo tu, mapigo manne, nikakizungusha kijirudie juu ya ngoma. Jastini, ambaye hajawahi kusifia kitu asichokitengeneza mwenyewe, aliomba nikirudie.

Nakutumia kanda kumi kwa lori la dagaa wa usipa. Mpe moja yule Winnie wa hoteli, ana betri ya gari. Kanda kubwa, ile mama ya kunakilia niliyoipeleka Dar kwa Praygod, itatolewa nakala mia tano.

Mdogo wako,
Placidi


Kihagara,
2 Aprili 1999

Mdogo wangu Placidi,

Marahaba. Lori lilikwama siku tatu mlimani, lakini kanda zimefika kavu kuliko dereva.

Umefanya nini kwenye ule wimbo wa sita? Nakuuliza kwa upole kwa sababu ni Ijumaa Kuu.

Jumapili baada ya misa nilimpelekea Winnie kanda, akaiweka. Hoteli ilijaa, wengine kwa chai, wengine kwa mvua. Wimbo wa kwanza hadi wa tano watu walisubiri kwa adabu. Mzee mmoja akauliza kama mwimbaji amekosa gari. Ukaingia wa sita. Kile kibuyu kikalia mara ya kwanza, hoteli nzima ikacheka. Kikalia tena, wakacheka zaidi. Mara ya kumi kicheko kikaanza kupungua. Mara ya ishirini watu wakawa wanaangalia vikombe. Mzee Romanus, yule kapteni wa mganda wa kijiji cha ng'ambo ya mto, alikuwa amekaa pale pale na chai yake. Alikaa hadi mwisho, midomo ikitembea kidogo kama mtu anayesali. Wimbo ulipokwisha alisubiri. Ukaingia wa saba. Akainuka, akaacha chai na andazi, akatoka kwenye mvua. Placidi, mzee yule hajawahi kuacha andazi.

Mimi nilikuwa sielewi kitu. Nimeolewa hapa miaka kumi na mmoja, Kinyasa nakisema hata ndotoni, lakini kibuyu kwangu ni vuuu tu, kama kwako. Nilidhani hivyo kwa wote. Usiku mume wangu Kilian ndiye aliyenieleza. Wanaume wale wanapojipanga na kaptula nyeupe kama askari na kupuliza vibuyu vyenye utando wa buibui, sisi wa milimani tunasikia sauti. Wenzetu wanasikia maneno. Kila mlio una maneno yake, na kila mtu kuanzia hapa hadi Liuli anayajua.

Na maneno ya kipande chako ni haya: "Romanus kamwona kiboko, kamwachia mke kasia."

Ilitokea mwaka sabini na moja. Mzee Romanus alikuwa na mkewe Tadea kwenye mtumbwi, mdomoni mwa mto, kiboko akaibuka. Yeye akaruka, akaogelea, akakimbia hadi kanisani. Mke akabaki mtumbwini na kiboko. Akapona, kama unavyomwona. Baba mkwe wangu, Mzee Urbani, ambaye ndiye kapteni wa mganda wa huku, akatunga wimbo. Miaka miwili vijiji viwili havikusalimiana. Mwishowe padri wa wakati ule akawakalisha, wakakubaliana: wimbo ubaki kwa kuwa ni mzuri, lakini uongezwe mkia, na usipulizwe kamwe bila mkia. Mkia unasema, "Nani angebaki? Hata mimi ningekimbia." Tangu hapo wazee wale ni kama pacha. Miaka zaidi ya ishirini na mitano wimbo haujawahi kutoka bila mkia. Hadi kwa Winnie, Jumapili ya Matawi.

Ukate huo wimbo au uurudishie mkia wake. Kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Agosti kumi na tano, maana ndipo mganda wa vijiji vyote viwili unapokutana.

Dada yako,
Hildegardi


Mbinga,
11 Aprili 1999

Dada,

Shikamoo, na heri ya Pasaka.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara imezidi kunionea. Nimetafuta nchi nzima kitu kisicho na maneno. Nimekataa waimbaji sita, mmoja wao ni mtoto wa diwani. Nimekipata kibuyu, kitu cha mviringo chenye tundu, na sasa naambiwa kina maneno, tena matusi, tena ya mwaka sabini na moja. Ningejua kwamba huko hata mboga zinasema, ningekuja kuoa huko nipate mkalimani.

Kurudisha mkia haiwezekani. Naomba usikilize kama fundi anavyosikiliza. Hip hop inahesabu nne: moja, mbili, tatu, nne, unarudi. Kipande nilichochukua kinahesabu nne. Mkia una mapigo matano. Tano haiingii kwenye nne, hata ukiibembeleza. Ukiutia, mdundo unachechemea kila unapozunguka, na mtu anayetikisa kichwa ataumia shingo.

Na kuukata mdundo mzima ni kukata kitu pekee kwenye kanda ile ambacho ni changu. Midundo mingine ni ya wenzangu, mimi nimeipanga tu. Zaidi ya hayo, kanda kubwa iko Dar. Mwambie Mzee Romanus kwamba kwa kanuni za Ngolo Rekodi hakuna aliyesema lolote. Imeandikwa juu ya gamba.

Mdogo wako,
Placidi


Kihagara,
25 Aprili 1999

Placidi,

Sijambo. Sitaandika mengi.

Baba mkwe alimpelekea Mzee Romanus kuku. Alirudi na kuku wake. Mzee Romanus alimwambia mlangoni, hata kiti hakumpa: "Umenikimbiza mara thelathini na nane, Urbani. Nilihesabu. Wewe mwenyewe hujakimbia hata mara moja."

Ametangaza kanisani, baada ya matangazo ya ndoa, kwamba kijiji chake hakitaleta mganda Agosti. Kaptula zimefungwa sandukuni. Asubuhi alikuwa akipita hapa kila siku kunywa uji na baba mkwe. Sasa anazunguka njia ya mihogo ili asipite mbele ya nyumba yetu, na kwa mzee mwenye magoti yale, kuzunguka ni nusu saa.

Kuna kitu sikukuambia. Siku ile ya Krismasi baba mkwe aliponiona na redio ya kurekodia niliyoazima shuleni aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia najaribu betri mpya. Akapuliza ili nijaribu betri. Alipuliza wimbo mzima, na mkia, kwa mkwewe, kwa hisani. Juzi ameniuliza, "Betri zilikuwa nzima?" Nikasema ndiyo, baba. Hajanisemesha tena. Akitaka maji anauambia mlango.

Kwa hiyo usiniambie habari za nne na tano.

Hildegardi


Mbinga,
16 Mei 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki tatu. Celestina aliikuta chini ya mashine ya kunakili, akaisoma, akaniuliza kama aliyewagombanisha wazee hao ni mimi au ni mtu mwingine mwenye jina langu.

Na mimi kuna kitu sikukuambia. Nilipokata kile kipande niliusikia mkia. Sikujua maneno yake, lakini mtu yeyote mwenye masikio angejua kwamba mzee hajamaliza. Ile sauti ilikuwa inashuka, kama mtu anayeweka mzigo chini taratibu. Niliukata hapo kwa sababu ulikuwa unaniharibia hesabu. Nilijisemea, nani atajua.

Basi juzi nimeurudisha. Nilifunga duka, nikakaa na kaseti mbili na mkasi. Unachechemea, kama nilivyosema. Umekulia huku, unajua kutembea juu ya matuta ya ngolo, yale yenye mashimo kati yake, na mtungi kichwani: hatua nne salama, ya tano mguu unaingia shimoni. Ndivyo ulivyo. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya thelathini mguu ukawa unalisubiri shimo. Sisemi ni mzuri. Nasema niliwasha tena.

Jastini anasema nimeuharibu. Anasema vijana wa Songea watadhani betri zao zimeisha. Nimemjibu kwamba betri ni nzima, na nikaona aibu kuandika neno hilo.

Kanda mpya imeondoka jana kwenda kwa Praygod na maagizo: itumike hii, ile ya kwanza itupwe. Mia tano zitakuja na mkia. Mwambie Mzee Urbani. Au uuambie mlango, atasikia.

Placidi


Dar es Salaam,
20 Juni 1999

Kaka Placidi,

Mambo vipi huko kwenye baridi? Habari ni njema tu. Boksi nimelipakia kwenye basi jana, kaseti mia tano, gamba la rangi mbili, Ngolo Rekodi limekaa juu kama la wazungu.

Wenye mashine walitaka kuzirudisha mwanzoni, wanasema sauti ya mwimbaji haisikiki. Nikawaelewesha. Halafu fundi wao akagundua kitu ambacho naona kilikupita: ule wa sita ulikuwa na kasoro, kila ukizunguka unaruka, kama kanda imekatika ikaungwa vibaya. Yule bwana ni mtaalamu, usimchukulie poa. Amekaa nao saa mbili, amekata ile sehemu inayoruka, sasa umenyooka kama rula. Na hajataka chochote. Ameona ni kijana wa mkoani anajitahidi, akasema hiyo ni zawadi yake.

Unadaiwa soda tu, kaka.

Praygod


Mbinga,
4 Julai 1999

Kwa Mzee Urbani,
kwa mkono wa dada yangu Hildegardi, amsomee mzee, asiruke kitu.

Shikamoo mzee.

Mimi ni Placidi, fundi redio, mdogo wa mkweo. Ndimi niliyekata wimbo wako. Dada yangu alisema uongo mmoja wa betri, na kosa lote lililobaki ni langu.

Nilirudisha mkia, mzee. Nilikaa nao siku mbili. Fundi mmoja huko Dar, mtu mwema sana, Mungu amlipe na asinikutanishe naye, aliuona mkia kama ugonjwa, akautibu. Zimerudi kanda mia tano, na katika zote Mzee Romanus anakimbia na hakuna mwingine anayekimbia.

Boksi lilipofika nilikuwa Songea. Mke wangu kwa furaha aliuza ishirini siku hiyo hiyo kwa mfanyabiashara wa Mbamba Bay. Kwa hiyo ishirini zimeshateremka ziwani na siwezi kuzirudisha. Zilizobaki nimezifungia chini ya meza na nimezikalia.

Nina mashine moja ya kunakili. Kurekebisha mdundo mmoja ni dakika nne, lazima nikae nao hadi uishe, hakuna njia ya mkato. Mia nne na themanini ni siku nyingi, lakini redio za watu zitasubiri. Ukisema nizirekebishe moja moja, nitafanya. Ukisema nizichome, sitaki kusema uongo, nitalia, lakini nitachoma. Humu nimeweka kanda moja yenye mkia. Ukiacha ile ninayonakilia, kwa sasa ni hiyo tu duniani.

Wako kwa heshima,
Placidi


Kihagara,
18 Agosti 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kujua kwanza najibu nini.

Barua yako nilimsomea baba mkwe kibarazani. Nilipofika kwenye betri nilitaka kuruka, nikasoma. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Haya." Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuniambia tangu Aprili.

Usichome. Wala hakusema urekebishe. Alisema, "Mkwe, lete redio." Akachukua moja ya kanda za Dar, ile iliyonyooka kama rula, tayari ilikuwa imefika kwa Winnie. Ile yako yenye mkia akaiacha mezani. Nikamwambia, baba, umekosea kanda. Akasema, "Hiyo nyingine mkia wake umewekwa na mdogo wako. Yeye hakuwa na deni na Romanus."

Tukavuka mto mchana kweupe, watu wanaona, mimi na redio kichwani, yeye na kibuyu chake. Mzee Romanus alikuwa anashona wavu. Hakuinua macho. Baba mkwe akaniamuru niwashe. Kibuyu kikalia mara zote thelathini na nane, na yule mzee anashona tu. Ulipokwisha baba mkwe akaizima redio kwa mkono wake. Akachuchumaa, na unamjua mgongo wake. Akaweka kibuyu mdomoni, akapuliza mkia. "Nani angebaki? Hata mimi ningekimbia." Akapumua. Akaupuliza tena.

Ya tatu, Mzee Romanus akaacha wavu. Ya tano, akachota maharage kwenye ungo wa mkewe, akaweka punje tano chini, kisha moja kwa kila mkia uliofuata. Hapo nikaelewa kwamba atazihesabu zote, na kwamba baba mkwe, mtu wa miaka sabini na tatu, atazipuliza zote. Ya kumi na tisa sauti ilikuwa inakatika. Nikasema, baba, pumzika. Mzee Romanus akanijibu badala yake: "Mwache. Mimi nilikimbia bila kupumzika."

Ilikuwa ya ishirini na saba. Mama Tadea akatoka jikoni na unga mikononi. Alikuwa humo muda wote, tumemsahau. Akasema, "Miaka ishirini na nane nawasikiliza. Huyu alikimbia, huyu naye angekimbia. Sawa, mmekimbia wote. Mimi niliyebaki na yule kiboko, nani amenipulizia hata mlio mmoja?"

Mzee Romanus alikuwa na punje ya ishirini na nane kidoleni, hajui aiweke wapi.

Kibuyu ni cha wanaume, unajua hivyo, mwanamke hakigusi. Mama Tadea akakitoa mikononi mwa baba mkwe, akafuta tundu kwa kitenge, akapuliza. Ulikuwa mlio mrefu, unapanda, unasimama, halafu unatembea kwa hesabu ambayo hata mimi nilisikia kwamba si nne wala tano. Nilitazama wale wazee. Wote wawili walikuwa wanaangalia miguu yao. Mzee Romanus akaanza kucheka kwanza, kwa shida, kama mtu anayekohoa mwiba. Baba mkwe akafuata. Alipomaliza, mama akaokota maharage yake yote chini, akarudi jikoni.

Tarehe kumi na tano mganda ulikuja, vijiji vyote viwili. Wimbo ulipulizwa na mkia, na baada ya mkia wanaume wakanyamaza. Mama Tadea akasimama mahali pake chini ya kivuli cha kanisa, na kibuyu, akapuliza wake. Watu walipiga vigelegele hadi padri akatoka nje na kitabu mkononi.

Simanzi yangu ni moja. Sijui alichosema. Nimemuuliza Kilian, anasema tafsiri yake ni ngumu. Nimemuuliza baba mkwe, akaniambia maji yameisha mtungini. Winnie nilipomuuliza alicheka hadi akakaa. Miaka kumi na mmoja, na bado ni vuuu.

Lakini nilimwendea mwenyewe mama Tadea na redio ya shule. Nikamwambia: ni kwa ajili ya mdogo wangu, anatengeneza kanda huko Mbinga, ataiuza kwa watu, betri ni nzima. Akaniuliza kama wewe ndiye yule mwenye mkasi. Nikasema ndiye. Akafikiri sana. Halafu akapuliza mara moja tu, akasema hatarudia.

Iko humu ndani ya bahasha. Kwako wewe na mimi haina maneno, kama ulivyotaka tangu mwanzo. Mwisho wake kuna sehemu anavuta pumzi na kuku analia. Hata hiyo usiikate.

Dada yako,
Hildegardi